Dakika Mbili za Nadharia ya Foleni

“Ndugu mtoa mada, umebakiza dakika mbili,” mwenyekiti wa kikao alisema, wakati ndugu mtoa mada ndiyo kwanza anahangaika na waya wa projekta.

Ukumbi ukacheka, na kicheko hicho bado kinamkereketa mwandishi wa safu hii. Alikuwa ametoka Mpanda kwa treni, kupitia Kaliua na Tabora, hadi mkutano wa wanahisabati wa chuo kimoja jijini Dar es Salaam, akiwa na mada ya foleni. Dirisha moja la dawa, mhudumu mmoja, akina mama na watoto mgongoni: aliyefika saa mbili asubuhi ataondoka saa ngapi, na kwa nini? Ratiba ilimpa dakika 15.

Zilikokwenda dakika hizo kunajulikana. Mgeni rasmi alichelewa. Alipofika, ilitangazwa kuwa itifaki imezingatiwa, kisha ikazingatiwa upya, jina kwa jina, wakuu wa idara wakisimama na kupunga mkono. Akafuata profesa wa hisabati ile isiyoulizwa kazi yake. Aliandika uthibitisho kwa chaki, akafuta nusu, akaanza upya. Hakuna aliyemwelewa, na kwa sababu hiyo hiyo hakuna aliyethubutu kumkatiza.

Yote haya yalikuwa yameelezwa kwenye slaidi ya tatu, ambayo haikufikiwa.

Nadharia ya foleni ilizaliwa kwenye simu. Mwaka 1909 Mdenmaki A. K. Erlang, mtumishi wa kampuni ya simu ya Copenhagen, alichapisha hesabu za simu zinazoingia bila mpangilio. Chukua dirisha moja, watu wakija ovyo na kila mmoja akihudumiwa kwa muda wake. Gawanya muda ambao mhudumu yuko kazini kwa muda anaobaki bure. Akiwa na kazi asilimia 80 ya siku, 80 kwa 20 ni 4: mteja atasubiri, kwa wastani, muda wa kuhudumia watu 4. Kazi ikifika asilimia 90, watu 9. Ikifika 95, watu 19! Mhudumu kaongezewa kazi kiduchu, foleni imezidi maradufu. Kwenye 100 jibu halipo kabisa; foleni inarefuka tu. Kwa hiyo yule dada wa dirishani anayeonekana kuchezea simu dakika chache kila saa si mvivu. Dakika zile ndizo zinazowaokoa waliosimama, na mkaguzi atakayemjazia kazi ili akomeshe uzembe atawalaza watu pale nje.

Mwaka 1961 Mwingereza John Kingman akaonyesha kuwa kosa si la wingi wa kazi peke yake, bali pia la kuyumba kwake. Mgonjwa mmoja wa dakika 20 katikati ya wagonjwa wa dakika mbili anaharibu asubuhi ya wote walio nyuma yake. Mwingine akimaliza haraka wakati hakuna anayesubiri, dakika alizookoa haziwekwi akiba.

Sasa itazame ratiba ya siku ile. Dakika 180, watoa mada 12, dakika 15 kila mmoja: mzigo wa asilimia 100 kamili, na umepangwa na wanahisabati! Aliyemaliza mapema, muda wake uligeuzwa chai. Aliyechelewesha, deni lililipwa na waliomfuata. Na mwisho wa foleni kuna nani? Wa Mpanda, wa Sumbawanga, wa Songea. Wa mbali huwekwa mwisho, eti kwa sababu usafiri unaweza kuwachelewesha. Treni ilifika. Aliyechelewa ni mgeni rasmi, aliyetokea mtaa wa pili. Hapa mzaha unaisha. Watu wa pembezoni huombwa walete takwimu za pembezoni, kisha hupewa muda wa kutaja kichwa cha mada na kukaa chini.

Slaidi zikarukwa hadi hitimisho. Swali la kwanza: takwimu ziko wapi? Zilikuwa kwenye slaidi zilizorukwa. La pili, kutoka kwa mzee mmoja mstaarabu: ni kweli kwamba huko Katavi viboko hubanana mamia kwenye dimbwi moja? Ni kweli, kiangazi Mto Katuma ukikauka, hujazana kwenye tope linalobaki ndani ya hifadhi na kuumana. Jibu hilo lilipigiwa makofi. Maswali yote yaliyobaki yalihusu viboko.

Mwanafunzi Erasto Mpemba naye alichekwa, kama mtoa mada wa Mpanda. Tangu mwaka 1963, akiwa kidato cha tatu Magamba, alikuwa ameona mchanganyiko wa moto wa aiskrimu ukiganda kabla ya uliopoa. Baadaye, pale Mkwawa, Iringa, alimuuliza Denis Osborne, mhadhiri aliyetoka Dar es Salaam, na wenzake wakaangua kicheko. Osborne akarudi kujaribu maabara, na mwaka 1969 wakachapisha pamoja. Kwenye mkutano ule, profesa wa chaki alirudi ubaoni kumalizia uthibitisho.

Semina iliyofuata ilikuwa ya mtandaoni: umeme ulikatika Mpanda kwenye slaidi ya jina. Nyingine, mwenyekiti alisoma wasifu wa mtu mwingine, mzuri kweli. Marejesho ya nauli bado yanashughulikiwa; mhasibu anataka risiti ya EFD ya wali ulionunuliwa dirishani mwa behewa pale Tabora.