Niachieni Mistari Yangu

Mtu akichora twiga, haulizwi kitu. Akichora Mlima Kilimanjaro, na chini yake Mmasai amesimama na mkuki, anapongezwa na chai anakaribishwa. Lakini wewe kaa barazani uchore mistari mitupu kwa penseli, mistari inayokaribiana bila kugusana, kisha mingine uikatize juu yake kwa pembe. Hapo ndipo utakapojua kwamba mtaa huu una wakaguzi wengi kuliko taa za barabarani.

Jirani yangu fundi umeme aliitazama karatasi, akatikisa kichwa, akasema aliyenichorea waya za nyumba hii ameniibia, maana hata swichi kubwa hakuiweka. Shemeji akauliza kiwanja kiko wapi na kama kina hati. Mjumbe alipita akatazama akanyamaza, na mjumbe akinyamaza ujue habari anaipeleka mbele. Aliyenimaliza ni mtoto wa darasa la tatu wa nyumba ya pili: "Babu, mwalimu akikukuta umejaza daftari hivi, anachapa." Babu! Na ndevu zenyewe nimenyoa jana.

Nikiwaeleza kwamba si waya, si kiwanja, ni mistari, wananitazama kwa huruma. Mistari ya nini? Ya kutazama. "Basi ungeweka hata ndege mmoja pale pembeni."

Ndege! Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora hapa Dar mwaka 1968, kwa rangi za kung'aa juu ya mbao za kubandika dari, alitufungulia mlango wa ndege wa kuwatosha wajukuu na vitukuu. Nendeni Oysterbay mkawanunue, nitawasaidia kubeba. Kinachoniudhi ni kwamba hao wanaonidai ndege wamekaa juu ya mkeka wa ukili uliojaa pembetatu na zigizaga kutoka pindo hadi pindo, na sijamsikia hata mmoja akiuliza mkeka ule ni ramani ya wapi.

Tuje kwenye vifaa, maana huko ndiko presha inakopandia. Nenda dukani uombe penseli ya 2B. Utapewa HB. Sema hapana, 2B, ile laini inayotoa weusi. Kijana atakutazama, ataitazama penseli, atakwambia: "Mzee, zote zinaandika." Sasa nianzie wapi? Mwaka 1795 Ufaransa ilikuwa vitani na kinywe cha Uingereza, yale madini meusi ya penseli, kilikuwa hakifiki Paris, ndipo Nicolas-Jacques Conté akapewa hataza ya kuchanganya unga wa kinywe na udongo wa mfinyanzi kisha kuuchoma tanuruni. Udongo ukizidi, penseli inakuwa ngumu na mstari wake ni wa kijivu cha mbali. Hizo ndizo H. Kinywe kikizidi, inakuwa laini na nyeusi. Hizo ndizo B. Ni zaidi ya miaka 200 sasa, na bado habari hii haijafika kwenye duka la kona yetu.

Hiyo HB yenyewe ukiifikisha nyumbani, ichonge uone. Ncha inatoka, inakatika. Unachonga tena, inakatika tena. Ilishaangushwa sakafuni zamani ikavunjika vipande humo ndani ya mti, wewe umeuziwa maiti iliyopakwa rangi ya njano. Kichongeo kinaimeza mpaka unabaki na kishungi kisichoshikika. Siku hizi nachonga kwa wembe na kunoa ncha kwa msasa, na mama watoto ameanza kuficha nyembe.

Kinachouma zaidi ni kwamba kinywe tunacho. Kipo Ruangwa kule Lindi, kipo Mahenge mkoani Morogoro, na redio haiachi kutusimulia kwamba dunia inakitaka kwa ajili ya betri za magari ya umeme. Kikiwa ndani ya betri kinaitwa madini ya kimkakati. Kikiwa mkononi mwangu kinaitwa kukosa kazi.

Na kuchora kwenyewe msidhani ni lelemama. Mstari mrefu ulionyooka hautoki kwenye kifundo cha mkono, unatoka begani. Kifundo ni bawaba, ukikitegemea mstari utapinda tu. Na ncha ya penseli huitazami. Unatazama pale unapotaka mstari ufike, kama mtu anayevuka Barabara ya Morogoro asivyotazama viatu vyake. Huku unavuta, unaizungusha penseli vidoleni taratibu ili ncha isilike upande mmoja. Pumzi umeibana. Umefika katikati ya karatasi, ndipo muuza samaki anapopiga honi dirishani.

Rula? Ninayo, naitumia kupimia pambizo. Mstari wa rula kila mtu anaujua utakavyoisha kabla haujaanza. Wa mkono unatetemeka kidogo njiani, unakoza hapa, unafifia pale, na ukiiweka mingi pamoja karatasi inaanza kucheza machoni. Hicho ndicho ninachokitafuta, na sitaki kuulizwa kitanisaidia nini.

Kisha kuna feni. Feni ikiwaka, karatasi inapepea. Feni ikizimwa, jasho la Dar linashuka mkononi hadi kiganjani na kutua juu ya mstari uliouvuta kwa uhai wako wote. Ukiweka tofali juu ya karatasi, tofali linakaa hasa pale unapotaka kuchora. Masika ndiyo usiseme: karatasi inavuta unyevu, inavimba, penseli ngumu inachimba mfereji. Na kinywe ni tabaka juu ya tabaka zinazoteleza. Ndiyo maana kinaandika, na ndiyo maana kinahamia kwenye kiganja, kutoka kiganjani hadi shavuni, na kutoka shavuni hadi kwenye kanzu ya Ijumaa. Watu wananipa pole ya gari kuharibika. Gari sina.

Wenzetu wachora mistari walijipangia. Agnes Martin, yule mzaliwa wa Kanada aliyechora vyumba vidogo vidogo kwa penseli kwenye turubai za futi sita kwa sita, mwaka 1967 aliondoka New York, akaishia New Mexico peke yake, akajijengea nyumba kwa matofali ya udongo. Namwelewa kabisa. Nimeanza kuulizia bei za viwanja Kisarawe.

Sol LeWitt wa Marekani alikuwa na akili zaidi. Mwaka 1968, uleule wa Tingatinga, alianza kuchora mistari ya penseli moja kwa moja ukutani, baadaye akagundua raha ya dunia: anaandika maelekezo, wanachora wengine. Kuna jumba huko Massachusetts lenye kuta zilizojaa kazi zake 105, yeye mwenyewe hayupo tangu 2007. Nikasema na mimi nijaribu. Nikamwandikia mpwa wangu maelekezo kwa mwandiko safi: mistari iliyolala, inayokaribiana, isiyogusana, karatasi nzima. Niliporudi nikakuta uwanja wa mpira, Yanga wanaongoza. Ukuta ndio kabisa sithubutu. Mwenye nyumba wangu anahesabu matundu ya misumari.

Anayenifunga mdomo ni Nasreen Mohamedi, mzaliwa wa Karachi aliyefundisha Baroda, India, hadi alipofariki mwaka 1990. Miaka yake ya mwisho alikuwa na maradhi yaliyompunguzia uwezo wa kuitawala mikono, na bado mistari yake ya wino na penseli imenyooka kuliko ahadi ya mtu yeyote ninayemjua. Kazi zake nyingi hakuzipa hata jina. Nadhani naye alichoka kuulizwa.

Juzi shemeji kaja na dawa yake. Kafungua simu, kabonyeza, mistari ikajaa kioo chote, imenyooka, haijagusana. "Umeona? Dakika moja." Nimeona. Na kwa dakika moja hiyohiyo simu itakuswalia, itakulia ubwabwa na kukuchumbia mke, wewe ubaki na kazi ya kuichaji.

Kwa hiyo nasema hivi. Atakayepita barazani kwangu akanikuta nimeinama, asinihoji kiwanja, asiniombee ndege, na muuza samaki azungukie mtaa wa nyuma. Na aliye na duka, au anayelijua duka lolote Kariakoo linalouza 6B mojamoja bila kukulazimisha kununua boksi zima la HB, aniambie leo hii. Nauli ya daladala nitamrudishia.