Nyau Alivyotwaa Boma

Kwa Susu, nyanya yetu, huku Ndithini, paka hafugwi kwa urembo. Ndengu zikishapurwa na kutiwa magunia, panya wa Masinga nzima hupata habari, na hapo ndipo Nyau hupata heshima zake: maziwa kwenye kifuniko cha sufuria na ruhusa ya kulala stoo. Safari hii akaamua kuzalia humo humo, tena si kwenye gunia alilotandikiwa, bali ndani ya kiondo cha Susu cha kuendea sokoni.

Susu alichungulia, akaona vitoto vinne vimefumba macho, akacheka. "Mzazi hafukuzwi," akasema, akaenda sokoni na ndoo. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku mwaka 2017, kumnyang'anya mtu kiondo si jambo dogo.

Aliyeumia ni Simba. Mbwa huyu vijana wa bodaboda humpigia honi wakiwa mbali. Jioni hiyo alipita mlangoni pa stoo akinusa tu, anavyonusa kila kitu. Siku za kawaida Nyau humpa onyo: hutunisha mkia, hupinda mgongo, hufoka. Paka aliyetoka kujifungua hana nafasi ya hayo. Alimrukia usoni, akang'ang'ania, wakazunguka boma pamoja hadi chini ya mkokoteni wa punda. Susu akatoka jikoni na mwiko wa ugali. "Simba! Na wewe ndiye unatulinda?"

Mjomba hakucheka. Alikagua pua iliyochanika, akauliza kadi ya chanjo, maana kichaa cha mbwa hakina mzaha. Serikali imejiwekea lengo la kukitokomeza ifikapo 2030. Simba alikuwa amechanjwa. Akauliza na ya paka, ambaye naye hupaswa kuchanjwa. Tulitazamana. Nani angemshika?

Dume la jirani lilikuja kuchungulia, nalo likatimuliwa hadi nje ya ua. Kwa rangi ya vitoto, baba ni yeye, lakini madume wengine huua watoto wachanga na Nyau hakutaka kesi ya ukoo. Kuku mwenye vifaranga pekee ndiye hakuguswa. Alitunisha manyoya, Nyau akapepesa macho, kila mama akarudi kwa wanawe.

Kisha akahama. Alivibeba kimoja kimoja kwa ngozi ya shingo, vimejikunja na kutulia tuli, akavipeleka chini ya kitanda cha Susu. Kiondo kikarudi kwa mwenyewe. Sasa ikawa zamu ya miguu ya Susu, aliyelazimika kusali ameketi.

Vitoto vilipofikia mwezi, vilitoka uani vyenyewe na kwenda moja kwa moja kwenye tumbo la Simba kutafuta maziwa. Mbwa aliganda. Nyau alikuwa ameketi kizingitini, anatazama. Simba akatikisa sikio kufukuza nzi, akachapwa kofi.