Heko kwa Taa Karimu

Leo naomba nafasi niisifu taa ya mbele ya lori lililoundwa kwa nchi za kupita kushoto, likavuka mpaka wa Rusumo au Kobero usiku, likahamia kulia na kuendelea na safari bila mtu kugusa taa zake. Viumbe wenye hadhi ndogo kuliko yake wameimbiwa taarabu.

Sifa yake kuu ni ukarimu. Taa za dimu kwa asili ni choyo. Mhandisi anayeiundia Tanzania, Kenya au Uganda huukata mwanga chini upande wa kulia, usimkere anayekuja, kisha huuinua upande wa kushoto, kwa taa za kanuni za Ulaya nyuzi 15, dereva amwone mtembea kwa miguu, mbuzi na kibao cha barabarani. Ivushe Rwanda au Burundi na fungu lote la mbuzi anapewa mgeni anayekuja mbele, tena anamwagiwa usoni. Nimepokea fungu hilo njia ya Kirehe, Rwanda. Niliona kila punje ya vumbi juu ya dashibodi. Niliisoma stika ya bima kwa nyuma. Niliuona ufa wa kioo ambao fundi aliniapia kwamba umekwisha. Nilichokosa ni barabara tu. Sultani gani amewahi kumpa mpita njia nuru kiasi hicho asidai hata asante? Na haikuachi mara moja: inakusindikiza na vidoa vya kijani na zambarau machoni, wakati gari linajiendesha lenyewe.

Dereva wake hana hatia, kwani kweli yuko kwenye dimu. Ukimpigia full ashushe, anakuwashia full yake ili ujue tofauti.

Fadhila nyingine nazipitia mbio: inakata usingizi, inafundisha sala, inawalipia watoto wa mafundi bodi karo. Bujumbura na Goma, ambako magari mengi ya Japani yenye usukani kulia yanapita kulia, ukarimu huu hauhitaji hata safari.

Ila kuna huyu mtu wa baiskeli. Anapita ukingo wa kulia na mikungu yake ya ndizi, hana taa, hana kiakisi, na upande wake sasa ni giza. Ule mwanga uliinuliwa kwa ajili yake! Amenyang'anywa yeye, nimepewa mimi ambaye sikuomba. Hapo sifa zinanikwama kooni, maana dawa ni tepu nyeusi. Tepu ya fundi umeme! Baadhi ya magari yana swichi ya kuugeuza mwanga, na taa fulani zina mshale wa ncha mbili kwenye kioo, ishara kwamba zinarekebishika kwa pande zote mbili. Mengine yote, tepu.

Kwenye kituo kimoja cha mpaka, nisichokitaja, afisa alisimama mbele ya lori lililonitangulia foleni. Alidai kadi ya njano ya chanjo, kisha kadi ya njano ya bima. Akakagua sili ya mzigo, mtungi wa kuzimia moto, akafungua hadi sanduku la huduma ya kwanza na kuhesabu bandeji. Muda wote huo taa zilikuwa zinamchoma macho. Akajikinga kwa makaratasi ya dereva, akampungia apite.

Na tajiri wa lori, aliyeko Dar es Salaam, anapiga simu kila saa: umefika wapi? Hajawahi kuuliza taa zake zinatazama wapi. Hela ya dizeli anatoa, ya tepu hana.

Basi dereva, kabla ya kuvuka, tafuta ukuta. Washa dimu, tazama mwanga unapoinuka upande wa kushoto, bandika tepu kwenye kioo cha taa mpaka ule mstari ulale sawa. Ukirudi Tanzania, ibandue kabla ya kuondoka mpakani, kwa sababu mbuzi wa huku nao wanapita kushoto.