Muulize Dani, Nyanya wa Asumbi

*Dani, mume wangu akitoka stejini na bodaboda yake hujitupa kwenye kiti na simu, akitafuta vitu vilivyofichwa kwenye picha zilizojaa vikorokoro. Ufunguo, kijiko, kipepeo, vyote anaviona. Juzi nilimwomba chumvi kabatini. Alisimama pale hadi ugali ukaanza kuungua, akasema haipo. Ilikuwa mbele ya pua yake! Ana ugonjwa gani? – Nyar Rongo*

Nyar Rongo, mzima huyo. Jicho la mtu huona sawasawa kipande kidogo tu cha katikati; pembeni ni ukungu. Kwenye simu ameahidiwa kwamba ufunguo upo, kwa hiyo hulipitisha jicho kila kona. Kabatini nani kamwahidi? Mwambie: "Baba, kuna chumvi, kiberiti na majani chai, una dakika moja." Asipoona, inuka uchukue mwenyewe. Mimi nimefanya hivyo miaka arobaini.

*Dani, niko mazoezi ya kufundisha. Nilipeleka darasani kitabu cha kumtafuta Wally kwenye picha, na watoto wa gredi ya pili wanamwona kabla yangu. Nimeaibika. – Mwalimu Mtarajiwa*

Pole, Mwalimu. Bwana huyo amejificha tangu 1987, Mwingereza Martin Handford alipomwingiza kitabuni. Marekani anaitwa Waldo, Ufaransa Charlie. Mwenye majina mengi hivyo hata chifu hamshiki. Wewe unafuata fulana yake ya mistari myekundu na myeupe, na mchoraji alilijua hilo, akatapanya nyekundu na nyeupe kila mahali ili akupoteze. Watoto wanazurura tu. Wanamcheka aliyeanguka, wanamsikitikia aliyeibiwa, mara wanagongana na Wally.

Hata mimi nikichambua omena kwenye ungo, kazi yangu ni kutoa mchanga na takataka. Lakini kinachonikalisha hapo mpaka jua linazama ni kale kasamaki kamoja ka fulu kalikojipenyeza, mgongo mpana kidogo, jicho kubwa, kamelala katikati ya maelfu kama mgeni asiyealikwa. Hakuna aliyenituma nikatafute. Acha kukimbilia Wally, Mwalimu, uone na wengine.

*Dani, mwanangu amezungushia kalamu kila jibu kwenye kitabu cha mafumbo cha kuazima. Nifanyeje? – Mama Mwenye Haya*

Nunua kingine, mama. Fumbo lililokwisha kuzungushiwa ni uji uliokwisha kunywewa.

Na wewe uliyeazima changu kabla ya Krismasi: kirudishe hata kama kimechorwa. Nyumba yako naijua.