Bosi Akikuomba Maoni

Siku moja, aghalabu Jumatatu, utapata barua pepe isemayo kuwa menejimenti imeamua kuwashirikisha wafanyakazi wote katika kuboresha utamaduni wa taasisi. Usishtuke, na usifurahi pia. Isome hadi chini uone ni akina nani waliopewa nakala, kisha rudi kwenye mwongozo huu, ulioandikwa kwa ajili ya mfanyakazi mwema anayeamini bado kwamba swali huulizwa ili lijibiwe.

Litatangulia dodoso. Litakuhakikishia kwa wino mzito kwamba ni la siri na kwamba jina halitakiwi. Kisha litauliza idara yako, kituo chako, jinsia, rika na miaka uliyotumikia. Ikiwa wewe ndiye mwanamke pekee katika bohari ya Mtwara mwenye utumishi wa zaidi ya miaka kumi, umeshatia saini. Utaulizwa kama unajivunia kufanya kazi hapa. Hutaulizwa kuhusu malipo ya saa za ziada, ingawa mwishoni kuna mistari miwili ya “maoni mengineyo”, ambamo kila mtu hujaribu kubana kilio cha miaka mitano kwa herufi ndogo.

Sanduku la maoni halina mambo mengi. Tazama lilipotundikwa na uulize nani ana ufunguo.

Warsha ndiyo yenye mitego. Itafanyika Morogoro au Bagamoyo, kwa kuwa ofisini hakuna utulivu wa kufikiri wala posho ya kujikimu. Mshauri mwelekezi atagawa vikaratasi vya rangi na kutangaza kwamba leo hakuna jibu baya. Mkurugenzi naye atasema, “Leo hapa hakuna bosi.” Ukitaka kujua bosi ni nani, ndiye aliyeruhusiwa kusema hivyo. Mtapewa saa mbili kubuni maadili ya msingi ya taasisi, na baada ya kubishana kwa bidii mtayapata: Uadilifu, Ubunifu, Ushirikiano. Usihoji fulana zenye maneno hayo zimechapwa lini.

Kuwa macho zaidi unapoombwa maoni juu ya kitu ambacho tayari ni chako. “Mnaonaje tukiweka likizo ya siku 28 kwa mwaka?” Ukumbi utapiga makofi. Siku hizo 28 zimo katika Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya 2004, pamoja na ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki na malipo ya saa ya ziada yasiyopungua mara moja na nusu. Sheria hiyohiyo inaruhusu chama cha wafanyakazi kinachotambuliwa na mwajiri kuunda jukwaa la ushirikishwaji kwa mkataba. Basi ukiona tawi la chama halikualikwa, na mahali pake pameundwa “kamati ya furaha kazini”, kunywa maji yako taratibu na uulize kwa upole kamati hiyo imechaguliwa na nani.

Wapo watakaokwambia haya yote ni mambo mapya kutoka ng’ambo. Wazee wa viwandani watacheka. Mwaka 1970, Waraka wa Rais Na. 1 uliagiza kuundwa kwa mabaraza ya wafanyakazi katika mashirika ya umma. Yalikuwa mabaraza ya kushauri tu, kwa hiyo hakuna aliyeogopa. Mwaka uliofuata TANU, chama tawala cha wakati huo, ikatoa Mwongozo wake (mzito kuliko huu), ambao ibara yake ya 15 iliwakemea viongozi wenye majivuno, dharau na uonevu. Ndipo likatokea jambo ambalo hakuna ofisi iliyojiandaa nalo: wafanyakazi waliisoma. Ikafuata migomo katika viwanda vya Dar es Salaam, na mingi haikuanza na mshahara. Ilianza na matusi ya meneja. Mwaka 1973, wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel walimfungia nje mwenye kiwanda wakaendesha mitambo wenyewe. Wengine walipotaka kufuata njia hiyo, serikali iliyohimiza ushiriki iliona umezidi, na wapo waliofukuzwa kazi.

Tangu hapo waalikaji wamekuwa waangalifu. Siku hizi unaombwa maoni kuhusu rangi ya ukuta.

Hata hivyo, mara chache utakutana na bosi mwenye nia, na hapo ndipo pa kujihadhari kwelikweli. Utamtambua kwa sababu haulizi kuhusu utamaduni. Anauliza kuhusu ratiba ya zamu. Anataja fedha iliyopo, anasema lipi haliwezi kubadilika na kwa nini, anaweka tarehe ya kurudi na jibu, kisha anatoka nje ya chumba. Wanaobaki humo ndio wanaojua kwamba zamu ya jioni huisha baada ya daladala ya mwisho kuondoka, na kwamba mlinzi na muuguzi hutembea gizani kwa sababu ya nusu saa ambayo hakuna aliyewahi kuieleza. Nusu saa hiyo hurekebishwa bila mshauri wala fulana. Tabu huja baadaye: mkishapanga zamu wenyewe, lazima mwamue nani afanye kazi Idi na nani Krismasi, na hamtakuwa na wa juu wa kumnung’unikia. Nadhani wengi wetu tunapenda dodoso kwa sababu hiyo.

Yakishindikana yote, omba ukatibu. Hakuna anayeugombea, maana katibu huandika wakati wenzake wanakula sambusa. Hoja yako ikijibiwa “tumeipokea, itafanyiwa kazi”, usibishe. Liandike jibu hilo vivyo hivyo, na pembeni uweke safu mbili, mhusika na tarehe. Katika kikao kijacho, kabla ya ajenda yoyote mpya, kuna kipengele cha yatokanayo na kikao kilichopita, ambacho mwenyekiti hupenda kukiruka. Usikubali. Kisome chote, jina kwa jina, kwa sauti ya mtu asiye na haraka.