Yah: Shukrani kwa Kupangiwa Kituo cha Kazi, Pamoja na Ombi Dogo

Mkurugenzi Mtendaji,
Halmashauri ya Wilaya ambayo adabu hainiruhusu kuitaja.

Mheshimiwa,

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Naomba radhi kwanza kwa kukuita Mheshimiwa. Nafahamu kwamba kiitifaki cheo hicho ni cha Mkuu wa Wilaya, Mbunge na Madiwani, na kwamba kwenye barua rasmi wewe ni Ndugu Mkurugenzi. Ila katika korido zetu sijamwona aliyekuita Ndugu akarudi mezani kwake na furaha, na mimi mgeni sina sababu ya kufungua njia. Naomba radhi pia kwa kukuandikia hadharani. Barua yangu ya kwanza niliipitisha masjala kama taratibu zinavyotaka, na nimehakikishiwa kwamba ipo mezani kwa katibu muhtasi wako ikisubiri zamu. Nimeona si uungwana kumwongezea mama wa watu ya pili.

Nakushukuru sana kwa kunipokea. Huenda hukupata wasaa wa kujua nimekufikiaje, maana jina langu lililetwa kwako likiwa mstari mmoja katika orodha. Naomba nikueleze kidogo, si kwa kujisifu, bali uone jinsi Serikali ilivyohangaika kukutafutia mtu.

Tangazo lilitoka kwenye Ajira Portal: Afisa TEHAMA Daraja la II, na ndani ya mabano, usalama wa mifumo. Mabano hayo, Mheshimiwa, nakuomba uyashike. Mwombaji asizidi miaka 45. Barua iandikwe kwa Katibu wa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, isainiwe, ipandishwe mtandaoni pamoja na vyeti, cheti cha kuzaliwa na majina ya wadhamini watatu. Hati ya matokeo haipokelewi, cheti chenyewe ndicho kinachotakiwa. Jina likipishana kwenye vyeti viwili, ukaape kwa wakili kwamba wote wawili ni wewe. Wenzangu huulalamikia ukali huo. Mimi siulalamikii. Aprili 2017 Rais Magufuli alikabidhiwa pale Dodoma taarifa ya uhakiki yenye watumishi 9,932 wa vyeti vya kughushi, na nchi iliyokwisha kuona orodha ya namna hiyo ina haki ya kumwangalia kila mgeni mara mbili.

Kisha usaili. Kila tangazo la kuitwa kwenye usaili lina sentensi isemayo kwamba msailiwa atajigharamia chakula, usafiri na malazi, na vijana wa nchi hii wameizoea kiasi kwamba hawaisomi tena. Wanateremka Stendi ya Nanenane jijini Dodoma alfajiri, kila mmoja na bahasha ya vyeti halisi aliyoikumbatia safari nzima kama mtoto mchanga, wananawa uso kwenye choo cha kulipia na kubadili shati. Kwanza mchujo, ambao huondoa wengi. Waliobaki huingia kwenye vitendo, mtu na kompyuta, muda unahesabiwa. Wachache huitwa kwenye mahojiano mbele ya jopo. Na hata hapo, anayefaulu nafasi zikiwa zimejaa hawekwi kazini, anawekwa kwenye kanzidata, asubiri mwajiri mwingine atakapohitaji mtu wa sifa zake. Ninao rafiki walioko humo. Ukimuuliza mmoja anafanya nini siku hizi, anajibu kwa fahari kidogo na uchovu mwingi: nipo kanzidata.

Mbele ya jopo niliulizwa maswali mengi ya ufundi ambayo sitakuchosha nayo. Nitataja moja tu. Utafanya nini ukielekezwa na mkubwa wako kutenda jambo lililo nje ya utaratibu? Nilijibu kwamba nitamwomba, kwa heshima, anipe maelekezo hayo kwa maandishi. Mzee mmoja wa jopo alitikisa kichwa kwa kuridhika na kuandika kitu. Ninaamini, Mheshimiwa, kwamba mzee yule ndiye aliyenileta kwako.

Nyumbani, bila shaka, hawaamini hivyo. Siku tangazo la kuitwa kazini lilipotoka na jina langu likiwemo, mjomba alinipongeza, akanivuta kando, akaniuliza nani alinishika mkono. Nikamwambia hakuna. Akacheka, akasema vizuri, usimtaje. Hadi leo ananiheshimu kwa siri kubwa ninayoitunza. Ninalisema hili kwa sababu ninyi wakubwa mnasikia zaidi habari za wanaoingia kwa mlango wa nyuma, na ni haki mjue kwamba wapo waliopita mbele, na kwamba hao ndio wenye shida ya kuaminika.

Basi nikapakua barua ya kupangiwa kituo, nikapanda basi, nikaja. Afisa Utumishi alikagua vyeti halisi, nikajaza fomu, nikala kiapo cha kutunza siri, nikaanza kipindi changu cha majaribio cha miezi 12. Kuthibitishwa kwangu kazini kunategemea mno maoni yako, na hilo ndilo linaloeleza wingi wa adabu iliyomo humu.

Ofisi niliyopewa ni nzuri. Ilikuwa stoo, na kwa kiasi fulani bado ni stoo: ninagawana chumba na viti vilivyovunjika, mabango ya Mwenge wa mwaka uliopita na seva. Ile seva haina kiyoyozi, lakini nimefahamishwa kwamba bajeti ya mwaka huu inacho kiyoyozi, na kwamba kitafungwa kwenye ukumbi mdogo wa mikutano. Siwezi kubishana na vipaumbele. Wakati wa joto kali nafungua dirisha, na vumbi linapozidi nalifunga.

Kazi pia nimepewa nyingi, kiasi cha kuamini kwamba napendwa. Natia wino kwenye printa za idara zote. Nafunga spika na projekta siku za Baraza la Madiwani, kisha nakaa nyuma ya pazia kipaza sauti kisije kikapiga kelele Mheshimiwa Mwenyekiti akiongea. Napandisha picha kwenye tovuti. Wakati wa kujaza PEPMIS, mfumo wa kupima utendaji wetu, nageuka mwalimu wa halmashauri nzima, na wakuu wa idara wanakuja mmoja mmoja, wakifunga mlango, kuniuliza jinsi ya kuingia. Nilifika hata nyumbani kwako kwa ajili ya king'amuzi, nikabaini kwamba hakikuwa na ubovu ila kifurushi kilikwisha, na mama alinikaribisha chai ambayo sitaisahau. Sina kinyongo na lolote kati ya haya. Mtumishi wa umma huhudumia umma, na wewe pia ni umma.

Ila yale mabano, Mheshimiwa.

Halmashauri yetu, kama nyingine zote, siku hizi inaishi ndani ya mifumo. Malipo yanapita MUSE, manunuzi NeST, mapato yana mfumo wake, hospitali ina wake wenye magonjwa ya watu kwa majina yao. Mifumo hii imejengwa na watu makini, na mingi ina sifa moja ambayo naomba niieleze kwa unyenyekevu: inakumbuka. Kila anayeingia, kila anayeidhinisha, kila anayefuta, jina lake na saa vinabaki. Mwezi uliopita nilikuwa napitia kumbukumbu hizo, maana ndiyo kazi iliyonileta, nikaona mkuu mmoja wa idara aliidhinisha malipo saa nne asubuhi kwa kompyuta ya hapa ofisini. Nikafurahi kwa bidii yake. Baadaye nikakumbuka kwamba siku hiyohiyo nilipandisha kwenye tovuti picha zake akiwa Morogoro kwenye semina, saa nne hiyohiyo, ameshika kikombe.

Simtuhumu. Najua ilivyokuwa, kwa sababu ndivyo ilivyo karibu kila ofisi niliyoingia kutia wino: neno la siri la mkubwa analijua karani, analijua kijana wa mafunzo kwa vitendo, na limeandikwa kwenye kikaratasi chini ya kibodi endapo wote wawili watasahau. Ni upendo na kuaminiana. Lakini siku mkaguzi atakapouliza nani aliidhinisha, mfumo hautasema karani. Utamtaja mwenye jina.

Sasa nifike kwenye simu uliyonipigia. Nilipoona namba yako nilisimama, ingawa nilikuwa peke yangu na viti vibovu. Ulinielekeza, kwa sauti ya baba, nimfungulie tena akaunti mkusanya ushuru aliyehamishwa, pamoja na ile mashine yake ya POS, kwa siku mbili tatu tu, mnada upite. Nilijibu ndiyo mkuu, maana kwenye simu jibu jingine halipo. Nilipokata ndipo nikaanza kufikiri.

Mkusanya ushuru yule yuko mkoa mwingine. Akaunti yake ikifunguliwa, mtu mwingine atasimama kwenye kizuizi cha mazao au mnadani akitoa risiti zenye jina la asiyekuwepo. Fedha zikifika benki, vema. Zisipofika, deni litasomeka kwa jina la yule bwana, ambaye ataletewa barua ya madai huko aliko akidhani ni utani. Wewe unajua kuliko mimi kwamba ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) juu ya serikali za mitaa zimelirudia mara nyingi suala la makusanyo ya POS yasiyopelekwa benki, na unajua jinsi maafisa masuuli wanavyoulizwa kuhusu hayo mbele ya Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali za Mitaa. Nimewahi kuangalia vikao hivyo. Wanaoulizwa huwa wanatafuta kwenye makabrasha karatasi inayoonyesha nani alielekeza nini, na simu haiingii kwenye kabrasha.

Na upande wangu, jina la aliyeifungua akaunti litakuwa langu. Nimeisoma Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kuanzia mwanzo hadi mwisho, kisha nikairudia, nikitafuta kifungu kinachomsamehe mtu kwa kuwa aliambiwa kwa simu na mkubwa anayempenda. Pengine macho yangu hayaoni vizuri.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, ombi langu dogo ni dokezo. Mstari mmoja unatosha: mfungulie fulani, kwa sababu fulani, hadi tarehe fulani, na sahihi yako nzuri ambayo sote tunaifahamu. Likinifikia saa mbili asubuhi nitalijibu kwa maandishi saa hiyohiyo, nikieleza ninachoona kuhusu jambo lenyewe, ili kabrasha liwe na pande zote mbili. Nina hisia kwamba ukikaa kuliandika utaona njia nyingine ya kupata mkusanya ushuru wa mnada, kwa mfano kumsajili aliyepo kwa jina lake mwenyewe, jambo ambalo hata nusu saa halinichukui. Hadi dokezo lifike akaunti ile itabaki imefungwa. Samahani sana.

Nikiwa bado nimepiga magoti, niongeze mawili. Afisa Utumishi anapoandika barua ya uhamisho, au ya mtu kustaafu, au ya msiba, nakala moja ije stoo siku hiyohiyo. Kwa sasa habari za nani ameondoka nazipata kwenye mchango wa sherehe ya kumuaga, na kama aliondoka bila sherehe akaunti yake inaendelea kuishi. La pili ni vikaratasi vya chini ya kibodi. Naomba ruhusa ya kuvikusanya. Nitapita jioni watu wakishaondoka, sitamtaja mtu, na kila nitakayekuta kikaratasi chake nitambadilishia neno lake la siri kesho yake akiwepo mwenyewe. Nianzie ofisini kwako, kwa idhini yako. Siku nilipotia wino printa yako nilikiona cha kwako, sikukisoma.

Kuhusu wino, projekta na picha za tovuti, nitaendelea kwa moyo uleule. Yule kijana wa mafunzo kwa vitendo ana mkono mwepesi kuliko wangu kwenye katriji, nimeshamfundisha, na atashukuru kupewa kazi ambayo haihitaji neno la siri la mtu.

Naomba kuwasilisha.

Wako mtiifu,
Afisa TEHAMA Daraja la II (usalama wa mifumo)

Nakala:
Mkaguzi wa Ndani: kwa taarifa.
Afisa Utumishi: aone aya ya maombi mawili ya nyongeza.
Mkuu wa Kitengo cha TEHAMA: nafasi iko wazi tangu kabla sijafika; nakala yake nimeipokea mimi kwa niaba, na nimeisainia.