Mama Hondo na Ufa wa Mnyasa

"Dada, mbona unajizika ungali hai?"

Mama Kima aliuliza hivyo akiwa ameketi kwenye tawi la mnyasa, mwanawe Kadogo amemng'ang'ania tumboni. Mbele yake, ndani ya shimo la mti, Mama Hondo alikuwa anakandika ukuta. Baba Hondo alikuwa ametua ukingoni, koo limemvimba. Alikwenda kumeza udongo kule kijitoni, akaulainisha kwa mate yake, na sasa alikuwa anautoa kidonge baada ya kidonge. Mkewe anakipokea kwa ncha ya mdomo, anakibandika, anakipigapiga kwa ubavu wa mdomo mpaka kishike. Tope kidogo likamdondokea Kadogo kichwani, akacheka.

"Sijiziki, dada. Nafunga mlango."

"Mlango una bawaba. Huu ni ukuta. Na mumeo akipatwa na jambo huko aendako?"

"Nimeacha ufa."

Jua lilipozama ufa huo ndio uliobaki: mwembamba, wima, wa kupitisha ncha ya mdomo na tunda moja. Giza likajaa shimoni, na Mama Hondo akalikalia kimya.

Hayo yalikuwa Amani, kwenye milima ya Usambara Mashariki, ambako ukungu hulala mitini na pelele hulia usiku kama mtu anayekabwa. Kusema kwa wanyama ni kwa hekaya, lakini ukuta ule ni wa kweli. Hondohondo wa mashavu ya fedha ndivyo wanavyolea. Jike hujifungia na mayai yake, moja au mawili, na kwa miezi mitatu minne hana riziki ila ile anayopitishiwa ufani. Katika miaka ya 1930 Mwingereza Reginald Moreau, aliyekuwa akifanya kazi Amani, alivifuatilia viota hivyo pamoja na mkewe Winifred. Kwa makadirio yao, dume mmoja alipeleka matunda 24,000 katika safari 1,600 kwa siku 120. Ukigawanya, ni safari kumi na tatu hivi kwa siku na matunda kumi na tano kila safari, tena huyatoa kooni moja moja. Nimeitafakari sana hesabu hiyo. Shimoni hamna ghala. Kila safari huleta cha saa hiyo, basi.

Mtu asije akadhani kwamba Mama Kima hakuwa mcha Mungu. Kila alfajiri aliwakusanya wanawe kwenye tawi pana na kusali kwa sauti ambayo bonde zima liliisikia. Alimtaja kila mtoto kwa jina. Aliomba matunda, aliomba ulinzi dhidi ya tai, akawaombea hata majirani waliomsema vibaya. Wanyama wa bondeni walimpenda kwa hilo. Nami nampenda, kwa sababu najua hali ya mzazi mwenye watoto wengi na tumbo tupu.

Shida yake ilianza baada ya amina. Akifika kwenye mkuyu na kukuta popo wameuvuna wote usiku, alipiga kelele: "Tumekwisha! Leo tunalala njaa! Baba yenu yuko wapi? Dunia hii hakuna wa kutusaidia!" Aliruka mti hadi mti, akagombana na mbega, akawachapa wadogo kwa kosa la kusema wana njaa. Kadogo, sikio lake likiwa kifuani pa mama, aliusikia moyo ukienda mbio kabla hajayasikia maneno. Jioni chakula kilipatikana, kama kawaida, na Mama Kima akawakusanya tena ili washukuru.

Jioni moja Kadogo hakufumba macho.

"Mama, asubuhi ulimwambia Mungu tunamtegemea yeye."

"Ndiyo, mwanangu."

"Mchana ukasema hakuna wa kutusaidia."

Mama Kima hakujibu.

"Sasa mimi nishike lipi, la asubuhi au la mchana?"

Alimwambia afumbe macho, na sala ikaendelea. Lakini usiku ule usingizi ulimpaa. Aliwasikiliza pelele mpaka kukapambazuka.

Sisi wazazi tunajua kuwafundisha watoto kusali. Tunawapigisha magoti, tunawakutanisha viganja, tunawafundisha Baba Yetu kabla hawajajua kufunga kamba za viatu. Saa inayotushinda ni ile ya katikati: tumeshaomba ada na ada haijapatikana, tumeshampa mtoto dawa, tumeshamwombea, na homa haijashuka. Mtoto yumo chumbani saa hiyo. Anaziona simu tunazopiga, anasikia tunavyomsema baba yake, anatazama sahani tunavyoitua mezani. Nadhani imani yake anaijenga humo zaidi kuliko anavyoijenga kanisani. Monika, mama yake Augustino, alimlilia mwanawe kwa Mungu miaka mingi, hadi kijana akabatizwa Milan, Pasaka ya mwaka 387. Mama akafariki mwaka huohuo. Lakini Augustino alipokaa kuandika maisha yake hakueleza siku ya ubatizo tu. Aliandika jinsi mama yake alivyoishi, alivyolia, alivyomfuata ng'ambo ya bahari. Mtoto yule alikuwa akitazama muda wote, hata alipokuwa amempa mama yake kisogo.

Kule shimoni yai lilipasuka baada ya siku arobaini hivi. Kinda alitoka uchi, macho yamefumba, na sauti kubwa kuliko mwili. Jambo la kwanza alilojifunza duniani ni kusubiri gizani, na la pili ni mlio wa mabawa. Hondohondo haruki kimya. Mabawa yake huvuma, unamsikia kabla hujamwona. Kinda akisikia mvumo alifungua mdomo hata kabla kivuli hakijaziba ufa.

Kabla ya kila safari Mama Hondo alisema na Mungu, maneno machache, kwa sauti ya kawaida kama mtu anayezungumza na aliye karibu. Kisha akarudi kazini. Alisukuma uchafu nje kupitia ufani, akakagua ukuta palipopasuka, akapabandika upya, akamgeuza mwanawe ubavu uliopoa. Kinda akiuliza, "Mama, anakuja?" alimjibu, "Tumeshaomba. Hebu inua mguu nisafishe hapo."

Siku moja ya vuli mvua ikaanza usiku na haikukatika. Asubuhi hakuna mvumo. Saa za mchana zikapita, hakuna mvumo. Maji yakatiririka kwenye gome la mnyasa na kuanza kuulainisha ukuta, tope likawa linateremka vipande vipande. Kinda alilia hadi sauti ikamkauka.

Mama Kima akafika akiwa amelowa chapachapa.

"Dada! Tai ameonekana ng'ambo ya bonde. Nilikuambia mimi! Vunja huo ukuta utoke, mumeo hayupo tena!"

"Umemwona ameshikwa?"

"Sijamwona. Lakini siku nzima!"

"Nikiuvunja, mwanangu atalala wapi leo?"

Mama Kima hakuwa na jibu. Akajikunyata kwenye tawi la juu, Kadogo kifuani, wakawa wanasikiliza.

Ndani ya shimo Kinda akauliza kwa sauti iliyobaki, "Mama, baba amekufa?"

Hapo wazazi wengi tungedanganya. Mama Hondo akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Sijui, mwanangu."

"Unaogopa?"

"Naogopa sana."

Kisha akaomba, na Kadogo akasikia kila neno kwa sababu mama yake kwa mara ya kwanza alikuwa kimya. Hakuomba kwa sauti kubwa. Alisema: Bwana, naogopa. Sijui mume wangu yuko wapi. Mtoto huyu ni wako kabla hajawa wangu. Tuna njaa. Tunza uliyemtuma, na kama hatarudi, usituache sisi humu. Amina.

"Sasa?" Kinda akauliza.

"Sasa ukuta unavuja. Sogea huku, nisaidie kushika hili tope."

Wakafanya kazi. Kinda hakuweza mengi, mdomo wake ungali laini, lakini alikandamiza alipoonyeshwa. Mama akachukua uchafu wa kiota na mabaki ya matunda, akavichanganya na tope lililobaki, akaziba palipokuwa pakimeguka. Kila kipande kiliposhika alisema, "Hiki kimeshika," na Kinda akarudia, "Hiki kimeshika." Njaa ilikuwepo vilevile. Hofu ilikuwepo vilevile. Lakini kilio kilikoma.

Jua lilikuwa linakaribia kuzama pale ufa ulipozibwa na kitu. Haukuwa mdomo. Ulikuwa mkono mweusi, mdogo, wenye vidole vitano.

Damu ya Mama Hondo ikaganda. Ukuta ule ulijengwa hasa kwa ajili ya mikono kama hiyo. Kima akifikia kiota hubeba mayai, na makinda pia. Mdomo wa hondohondo unaweza kukata kidole. Akauinua. Kinda akajibana nyuma yake.

Ndipo vidole vikafunguka. Katikati ya kiganja palikuwa na kuyu moja bivu, limepasuka upande mmoja, linanukia.

"Mama anasema yapo matatu tu," sauti ya Kadogo ikasema kutoka nje. "Mawili ni yetu. Hili mpeni huyo anayelia."

Mama Hondo aliushusha mdomo taratibu sana. Akalichukua tunda bila kuugusa mkono. Akalibana, akalivunja vipande, akamlisha mwanawe mpaka ganda. Yeye hakula. Mkono bado ulikuwa pale ufani, umefunguka, kana kwamba mwenyewe amesahau kuurudisha.

"Asante, mwanangu," akasema. "Nani kakutuma?"

"Hakuna," Kadogo akajibu. "Nilisikia ukimwomba."

Kule juu Mama Kima alikuwa amegeuza uso kuelekea bondeni, na mvua ikimteremka mashavuni. Kweli alikuwa ametafuta siku nzima akapata makuyu matatu, na kweli Kadogo alipoomba moja alikaribia kumchapa. Kitu fulani kilimzuia. Labda ni yale maneno, kwamba mtoto ni wako kabla hajawa wangu. Aliyasikia tena na tena usiku kucha.

Baba Hondo alirudi alfajiri ya pili. Bawa moja lilikuwa limepungukiwa manyoya na mvumo wake ulikuwa wa upande mmoja, lakini Kinda aliutambua na kufungua mdomo. Safari ile alileta matunda manne tu. Akayatoa moja moja, kama siku zote, na mkewe akayapokea bila kuuliza alikuwa wapi mpaka la mwisho lilipopita.

Siku zikapita, vuli ikakatika. Asubuhi moja Mama Hondo akaanza kuugonga ukuta kwa ndani, ukuta ule alioukandika kwa mdomo wake mwenyewe, na vipande vikaanza kudondoka chini ya mnyasa. Kinda alichungulia dunia, akaikuta kubwa mno, akarudi ndani. Mama yake akamngoja.

Mama Kima aliyaona hayo akiwa kwenye tawi pana. Siku hiyo mkuyu ulikuwa umekwisha tena, popo walipita usiku. Wanawe walimzunguka, wakimtazama usoni. Alikuwa ameshasali, kwa sauti ya chini, maneno machache. Kadogo alikuwa kifuani, sikio pale pale pa siku zote.

Akafungua kinywa, akakifunga.

"Mama," Kadogo akasema, "tumbo linauma."

"Najua, mwanangu. Hata langu. Tumeshaomba, na kaka yako kaenda kutazama ule mti wa kijitoni." Akamlaza mapajani, akamgeuzia mgongo juani. "Lala hapa nikuchambue manyoya. Una kupe huku nyuma ya sikio."

Akaanza kumchambua, unywele mmoja mmoja, bila haraka. Kadogo alitulia, akisikiliza. Moyo wa mama ulikuwa unaenda mbio bado, lakini vidole vilikuwa vinafanya kazi yake, na juu ya vilele vya miti mvumo wa mabawa ulikuwa unakaribia.